Forester, trela na mlima wa Kona Baridi

Shemeji yangu ana kipimo kimoja tu cha trela: ukilifunga kwenye gari na gari likasogea, basi mambo ni sawa. Ndicho kipimo alichonijia nacho mwaka huu, akiniuzia karavani ya Kiingereza ya familia moja iliyokuwa inarudi kwao. Vitanda vinne, sinki, choo, pazia za maua, na bei ya mtu mwenye tiketi ya ndege mkononi. "Mama Neema, hiyo Forester yako itaivuta hata isisikie."

Sikubishana naye juu ya kuvuta. Subaru Forester yangu ingeivuta. Gia ya kwanza ya gari lolote husogeza mzigo mkubwa ajabu kwenye lami tambarare, na hapo ndipo wengi wanapofunga hesabu. Maswali yangu yalikuwa mengine. Tukiteremka, nani atamsimamisha nani? Karavani ikianza kuyumba huko nyuma, usukani utabaki kwa nani? Na siku ya kurudi nyumbani, tukiupanda mlima mchana wa jua kali, giaboksi itakuwa na joto gani?

Labda ni ugonjwa wa kazi. Mimi napanga mizigo ya malori hapa Industrial Area, Nairobi, na mchana kutwa nashinda na tani na ekseli. Ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10, lori la ekseli saba lisizidi tani 56, na ukifika mizani ya Mlolongo hakuna ushemeji: ukizidi unawekwa kando. Ajabu ni kwamba gari la nyumbani linalokokota trela, na watoto wamelala kiti cha nyuma, hupita pale pale bila mtu kuliuliza uzito. Ni sawa, kwa sababu lami haliumizi. Lakini abiria wake linaweza kuwaumiza, kwa hiyo kulipima ni kazi ya mwenyewe.

Karavani ya shemeji ilikuwa na kibao karibu na mlango. Uzito wa juu kabisa ikiwa imepakiwa: kilo 1,350. Forester yangu yenyewe, ya injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, ni karibu kilo 1,480. Yaani tulikuwa tunazungumzia kufunga nyuma ya gari kitu kinachokaribia uzito wa gari. Vyama vya karavani vya Uingereza humshauri anayeanza asivuke asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, na kwangu hiyo ni kama kilo 1,258. Tulishapita hapo, tena kwa ushauri uliotolewa kwa barabara zao, zisizo na matuta yasiyopakwa rangi wala matatu inayokupita kwenye kona. Ushauri wangu mimi kwa barabara zetu ni mkali zaidi: nusu ya uzito wa gari, na ukipata chini ya hapo furahi.

Mtu ataniambia kwamba kitabu cha gari kinatoa namba. Kipi? Forester ya kizazi hiki hiki, Marekani inaruhusiwa kukokota pauni 1,500, ambazo ni kilo 680. Australia, yenye injini ya lita 2.5, inaruhusiwa kilo 1,500 kama trela lina breki, na 750 kama halina. Si kwamba chuma ni tofauti. Kinachobadilika ni desturi ya barabara na mahesabu ya mwenye kiwanda. Wamarekani hukokota kwa kasi kubwa, safari ndefu, na hutaka sehemu kubwa ya uzito wa trela ilalie gari. Ujerumani gari lenye trela kwa kawaida linabanwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba kubwa aliyoitoa kwenye simu, muulize ni ya nchi gani, injini gani, na trela lenye breki au lisilo nazo. Ile kubwa kuliko zote ndiyo muuzaji atakayoisoma kwanza.

Sasa karatasi ambayo karibu kila mtu hapa anayo na hakuna anayeisoma: cheti cha kuuza gari nje kilichotoka nalo Japani. Wengi tunakitoa kwenye faili siku ya kuuza gari tu. Ndani yake kuna uzito wa gari, na kuna uzito wa jumla. Changu kinasema 1,480 na 1,755. Toa moja kwenye nyingine, unapata 275. Hiyo ni kilo 55 mara watu watano, maana ndivyo Wajapani wanavyohesabu gari la abiria: kila kiti kilo 55, basi. Hakuna begi, hakuna trela, na hakuna Baba Neema, ambaye peke yake ni kilo 92 kabla ya chakula cha mchana.

Fanya hesabu nami. Mimi 68, yeye 92, Neema na mdogo wake pamoja 61. Tayari ni 221, zimebaki 54. Na pua ya trela, ile sehemu inayolalia tufe la chuma nyuma ya gari, nayo ni mzigo wa gari. Haihesabiwi kwa trela pekee. Pua ya karavani ya shemeji ingekuwa kilo 100 na kitu. Najua fomula ya Wajapani ni ya usajili, si kipimo cha mhandisi, na kwamba springi na tairi zinahimili zaidi ya hapo. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwamba gari dogo hujaa mapema mno. Unaweza kuwa na trela jepesi kabisa na bado gari limezidiwa, kwa sababu ya watu, friji, na magunia mawili ya makaa uliyoyaonea huruma barabarani.

Basi karavani ikaenda zake (nasikia imewekwa juu ya matofali shambani kwa mtu, inapangishwa kama chumba, na huko imepata kazi inayoifaa), nami nikatengenezewa trela dogo Kariobangi Light Industries. Sanduku la chuma, ekseli moja, hema la kukunjua juu, jiko la kuvuta nyuma. Fundi aliniambia litakuwa kilo 300. Mafundi wote husema 300. Nililipitisha kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu jirani na kazini kwetu, likiwa na hema lakini sanduku tupu, likasoma 390. Tulipolipakia kila kitu cha safari likasoma 600.

Hizo 210 zilitoka wapi? Maji lita 60, na lita moja ni kilo moja, haina mjadala. Betri kilo 28. Friji ikiwa na nyama na soda, 35. Mtungi wa gesi wa kilo 6 si kilo 6: chuma chake kina uzito wake, umegongwa pale shingoni, na ukijumlisha unakaribia 14. Tairi la akiba, viti, meza, sufuria, unga. Hakuna hata kimoja cha anasa humo. Ndiyo maana uzito wa trela tupu haunisaidii kitu. Nauliza uzito wa asubuhi ya kuondoka.

Fundi na mimi tulivutana kidogo juu ya mambo mawili. La kwanza breki. "Mama, trela ndogo hivi haina haja na breki, ni gharama ya bure." Na kwa sheria za nchi nyingi ana hoja, maana huko chini ya kilo 750 breki hazilazimishwi. Lakini gari letu likiwa na watu ni kama kilo 1,755, na 600 nyuma yake ni theluthi nzima imeongezwa, yote ikisimamishwa na breki za Forester peke yake. Nikataka zile za kujisukuma: gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mbele, kishikio cha pua kinarudi ndani kidogo, na fimbo yake inavuta kebo hadi kwenye breki za magurudumu. Hazihitaji waya wala kompyuta. Kasoro yake ni kwamba ukirudi nyuma nazo zinajifunga, hivyo kuna kikufuli cha kuzizuia kabla ya kurudisha, na Baba Neema ndiye waziri wa kikufuli hicho.

La pili tenki la maji. Alikuwa ameliweka nyuma kabisa chini ya jiko.

"Huku bomba linakuwa fupi," akasema.

"Fundi, lihamishe mbele ya ekseli."

"Itabidi nikate sakafu, mama."

"Kata."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari yenyewe. Trela la ekseli moja linabembea juu ya magurudumu yake. Ukiweka uzito nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka. Ukiuweka mbele, pua inalala. Pua nyepesi ndiyo inayofanya trela liyumbe: upepo au lori likilipiga ubavuni, mkia unaenda kulia, unarudi kushoto na nguvu zaidi, na kila mzunguko unavuta nyuma ya gari. Gari kubwa linaweza kuumeza mchezo huo. Gari dogo na jepesi linabebwa nao. Kanuni ni kwamba pua ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa. Wazungu wa Ulaya huenda chini ya hapo, ila wanaenda pia polepole.

Kupima pua hakuhitaji karakana. Tulifanya uani kwetu Donholm, na mizani ya bafuni. Unaegesha trela mahali tambarare, limepakiwa kila kitu, unaweka tofali mbele na nyuma ya magurudumu ili lisitembee. Unaweka ubao juu ya mizani usivunje kioo, kisha kipande cha mti kilichosimama wima, ukikikata kwa urefu utakaofanya pua ikae kimo kile kile inapokaa kwenye tufe la gari. Halafu unazungusha kigurudumu cha mbele kwenda juu polepole mpaka hakigusi chini, uzito wote ukae juu ya ule mti. Bawabu wetu alishika pua isiteleze, jirani wa ghorofa ya pili akauliza kama tunapima ng'ombe. Kabla tenki halijahamishwa mizani ilisoma 36. Kwa trela la 600 hiyo ni asilimia 6. Baada ya fundi kukata sakafu yake, vitu vyote vilevile, maji yaleyale, ilisoma 68. Asilimia 11 na kitu. Lita 60 tu zimesogea chini ya mita moja na nusu, na trela limekuwa trela lingine. Ukiwa na pua inayozidi uwezo wa mizani ya bafuni, kwa gari dogo hiyo yenyewe ni jibu.

Kimo nacho si jambo la kupuuza, hasa kwa sisi wa Subaru. Nusu ya Forester za Nairobi zimenyanyuliwa kwa spesa kwa ajili ya barabara za mtaani, yangu ikiwemo. Gari likipanda, tufe linapanda, pua ya trela inatazama mbinguni, na uzito unarudi nyuma. Kwangu ilibidi kishikio cha tufe kishushwe kwa bati nene la chuma lenye boliti mpaka trela likae sambamba na ardhi, familia ikiwa ndani ya gari. Pima na watu ndani, si gari likiwa tupu. Na hakikisha tufe na kikombe cha trela ni vya saizi moja, vyote vya milimita 50. Minyororo ya usalama ipishane chini ya pua kama msalaba, ili pua ikichomoka ilalie minyororo badala ya kuchimba lami. Taa, namba ya trela yenyewe inayoanza na Z, bima: hayo mnayajua, na trafiki watawakumbusha.

Njia yetu tuipendayo ni Magadi. Kutoka Donholm unashika Outer Ring, Southern Bypass, unapenya Rongai kwa subira, Kiserian, halafu Kona Baridi, na hapo dunia inafunguka chini yako. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Magadi kama 600. Zaidi ya mita elfu moja za kuteremka, na upepo wa Ngong hapo Kona Baridi si wa mchezo; mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa vilimani humo kwa urembo.

Kuteremka nashika gia ya pili kwa mkono kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Injini inapiga kelele, Neema anaziba masikio, breki zinapumzika. Nakanyaga breki kwa nguvu kidogo, naachia, zipoe. Sikai nimeegemea pedali. Olepolos nasimama, nazunguka trela na kugusa katikati ya kila gurudumu kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Gurudumu ambalo siwezi kuliwekea mkono, au moja likiwa moto kuliko mwenzake, maana yake breki imekwama au beringi inaomba grisi, na hatuendi mbele mpaka nijue ni ipi.

Kwenye tambarare sizidi 80. Kuyumba kunapenda kasi: trela linalotulia 80 linaweza kuwa kichaa 100. Likianza, unaondoa mguu kwenye mafuta, unashika usukani umenyooka, na huo mkia unauacha ufe wenyewe. Usikanyage breki kwa hofu na usijaribu kuupiku kwa usukani, kwani utachelewa kila mara na utauongezea. Wanaosema kanyaga mafuta ulinyooshe, sijui wanafundishia barabara gani. Kisha simama, ufungue mlango wa trela, na utafute nani ameweka kreti la soda nyuma kabisa.

Lakini ninachompimia mtu gari ni kurudi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo gari linadhoofika kadiri mlima unavyokaza. Hewa ya Magadi ya saa nane mchana inachemka, kasi ni ndogo, upepo wa kupooza rejeta haupo, na giaboksi ya CVT kama yangu, inayotumia mnyororo badala ya gia za hatua, haipendi joto. Karavani ya kilo 1,350, yenye uso mpana kama ukuta wa kibanda, ingenifikisha katikati ya mlima na hapo ndipo tungelala, vitanda vinne tunavyo. Na hata na trela dogo tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Maji yaliyobaki tunawaachia wenyeji wa kambi au tunamwagilia mti. Kwa kuwa tenki liko mbele ya ekseli pua inapungua hadi kama 56, bado iko ndani ya kanuni, na mlima umepunguziwa kilo 60. Kiyoyozi kinazimwa kabla ya kupanda. Natazama taa ya joto la oili ya giaboksi. Ikiwaka nasimama pembeni pasipo kona, naweka gia huru, injini naiacha ikizunguka ili oili iendelee kupita kwenye kipoza, tunakula mayai. Oili ya giaboksi nabadilisha mapema kuliko mtu asiyekokota, na muuza oili akiniambia ni ya maisha namwuliza maisha ya nani.

Wenye Toyota Fielder na Probox mmekuwa mkiniandikia kuuliza kama nanyi mnaweza kukokota. Chukueni cheti cha Japani, toeni namba ndogo kwenye kubwa, toeni uzito halisi wa wanaopanda, tena halisi, mwulizeni mhusika akiwa amesimama juu ya mizani. Kinachobaki ndicho pua ya trela na mabegi vitakachogawana. Kama mko watu wanne wazima, hakuna trela hapo. Kodini banda Olorgesailie, njia hiyo hiyo ya Magadi. Kama mko wawili, trela la mizigo la kilo 300 likiwa limejaa, pua ya 30 na kitu, mtafika na mtarudi. Na ukitaka kupima pua, mizani ya bafuni ninayo, kipande cha mti pia. Njoo Jumamosi asubuhi, trela likiwa limepakiwa.